Pikipiki Ikigoma Kuwaka: Cheche Kwanza, Kabureta Baadaye

Kwa dereva wa bodaboda wa Kata ya Kizota, pikipiki isiyowaka asubuhi ni siku isiyo na kipato. Mara nyingi lawama huangukia kabureta. Hufunguliwa, husafishwa, pengine hununuliwa mpya, kumbe kasoro ilikuwa kwenye plagi. Gharama hiyo huepukika kwa kufuata mpangilio.

Kupima cheche. Swichi ya kuzimia injini ikaguliwe na koki ya petroli ifungwe. Plagi ifunguliwe, ichomekwe kwenye kofia yake, kisha chuma chake kigusishwe kwenye injini, mbali na tundu ilikotolewa, kwa kuwa mvuke wa petroli hushika moto. Kiki ipigwe huku kofia ikiwa imeshikwa kwa kitambaa kikavu. Cheche kali ya buluu ni dalili njema. Ikiwa hafifu au haipo, ijaribiwe plagi nyingine iliyo nzima, ndipo zikaguliwe kofia, waya na koili.

Pikipiki za zamani zenye pointi, kama Honda CG125 iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976, huhitaji hatua moja zaidi: pointi zisafishwe kwa msasa laini na mwanya wake uwe milimita 0.3 hadi 0.4. Mwanya wa plagi yake ni milimita 0.6 hadi 0.7.

Kusoma plagi. Plagi yenye rangi ya kahawia huonyesha mchanganyiko sahihi. Masizi meusi makavu humaanisha petroli imezidi hewa. Weupe humaanisha petroli ni pungufu, na injini huchemka kupita kiasi.

Dodoma ipo takribani mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Kwa hiyo pikipiki iliyorekebishwa pwani huelekea kutumia petroli nyingi ikifika hapa. Vumbi la kiangazi likiziba chujio la hewa, matokeo huwa yaleyale. Chujio lisafishwe kabla kabureta haijaguswa.

Kurekebisha kabureta. Injini ikiwa imezimwa, skrubu ya mchanganyiko ifungwe taratibu bila kukazwa, mizunguko ihesabiwe, kisha irudishwe ilipokuwa. Injini iwashwe hadi ipate moto. Skrubu hiyo izungushwe kidogo kidogo, upande mmoja kisha mwingine, hadi mahali injini inapounguruma kwa kasi na utulivu zaidi. Ndipo sailensa ipunguzwe. Mlio ukiharibika, hesabu ya awali itamrudisha mhusika alipoanzia.

Petroli chafu inayotolewa kwenye kabureta ikingwe kwenye chombo, isimwagwe mtaroni.

Kwa asiye na vifaa, fundi ndiye msaada. Hata hivyo, mwenye pikipiki anayo haki ya kuomba aonyeshwe cheche kabla ya kukubali kulipia kabureta mpya.