Dondoo muhimu: Kula vizuri Lushoto

Ukishuka basi Mombo, usijishibishe chipsi za stendi. Vumilia kilomita 33 za kona hadi Lushoto, juu kwenye Usambara Magharibi. Huko ndiko kwenye chakula.

Mchana nenda kwa mama ntilie karibu na soko, na uchungulie sufuria kabla ya kuketi. Unatafuta maharage yanayotoa mvuke, mchicha wa leo, na wali uliopaliwa makaa juu ya mfuniko. Ukiwakuta makondakta wamejaa kwenye benchi, kaa hapo hapo. Siku za gulio, Alhamisi na Jumapili, mambo huwa mazuri zaidi. Plamu na mapeasi yakiwa katika msimu, jaza mfuko.

Jioni baridi huuma na majiko huzimwa mapema. Agiza chakula gesti asubuhi, kabla hujatoka matembezini, hasa ukitaka kuku wa kienyeji: mara nyingi huchinjwa baada ya kuagizwa, na mchuzi wake unastahili kungojwa.

Ukienda kutazama bonde kutoka eneo la Irente, pitia Shamba la Irente ule mkate, jibini na jamu zinazotengenezwa hapo hapo. Beba noti ndogondogo; chenji ni shida.