Kuandika Kichina kwa Kidole

Kichina hakina alfabeti kama yetu. Kila silabi huandikwa kwa alama. Yaandikwaje basi katika simu? Tangu 1958 Wachina wana pinyin, yaani matamshi kwa herufi za Kirumi. Telezesha kidole juu ya m, a, i bila kukiinua. Kioo huleta alama nyingi, nawe wachagua.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilimwandikia mfanyabiashara Mchina kwamba mjomba wangu, hapa Sumbawanga, anauza maharage. Nikagusa alama ya kwanza. Akajibu kwamba yeye hana maharage ya kuuza!

买 ni kununua. 卖, yenye msalaba juu, ni kuuza. Mdomoni hutofautishwa kwa sauti kupanda na kushuka, lakini kidole hakionyeshi hayo. Basi, wenzangu, tujifunze alama zenyewe.