SOMO KWA AKINA MAMA: SHUKRANI KATIKA NYUMBA YENYE SHIDA

Watu wengi hudhani ya kuwa mke Mkristo mwenye moyo wa shukrani ni yule asiyetaja shida zake kamwe, ambaye akiulizwa habari za nyumbani hujibu "njema tu," hata ikiwa chungu hakijainjikwa mekoni tangu jana. Maisha ya Susanna Wesley yaonyesha kwamba sivyo.

Susanna alizaliwa London mwaka 1669, akaolewa na Samuel Wesley mwaka 1688. Baadaye mumewe alikuwa padre wa Epworth, mji mdogo wa mashariki ya Uingereza. Susanna alizaa watoto 19, na katika hao 9 walikufa wangali wachanga. Mapato ya padre hayakutosha, madeni yakazidi, hata mwaka 1705 mumewe akafungwa gerezani Lincoln kwa ajili ya deni. Susanna hakuwa na fedha za kumsaidia, basi akampelekea pete zake. Naye mumewe akazirudisha.

Siku zile Askofu Mkuu wa York alimwuliza kama amepata kukosa mkate. Susanna akajibu kwamba hakuukosa kabisa, lakini taabu ya kuupata kabla ya kula, na taabu ya kuulipia baada ya kula, zilimwondolea utamu wake. Hayo hayakuwa manung'uniko. Alilikiri jema alilopewa, akautaja na mzigo aliouchukua. Shukrani isiyosema kweli ni adabu ya mdomo tu; na shida iliyofichwa, nani ataisaidia?

Usiku mmoja wa Februari, mwaka 1709, nyumba yao ilishika moto. Susanna, naye ni mja mzito, alipita katikati ya ndimi za moto akaokoka. Mtoto wao John, mwenye umri wa miaka mitano, alisahauliwa ghorofani. Akasimama dirishani, na jirani mmoja akapanda mabegani mwa mwenzake, akamtoa kabla dari haijaanguka. Ndipo baba akapiga magoti pamoja na majirani, akamshukuru Mungu kwa kuwa watoto wake wote wako hai, ijapokuwa nyumba na vitabu vyake vimeteketea.

Watoto waligawanywa katika nyumba za watu mpaka nyumba nyingine ilipojengwa. Waliporudi, walikuwa wamejifunza maneno na tabia mbaya. Susanna hakukaa kulilia yaliyopotea. Alianza tena kuwafundisha, na kila mtoto akawekewa jioni yake katika juma, apate kuzungumza na mama peke yake juu ya mambo ya roho. Jioni ya John ilikuwa Alhamisi. Hata alipokuwa mtu mzima hakuisahau. John huyo na ndugu yake Charles ndio walioanzisha mwendo wa Wamethodisti, ambao wajumbe wake walifika Ribe, karibu na Mombasa, mwaka 1862.

Susanna alifariki mwaka 1742. Kabla ya kufa aliwaagiza watoto wake wamwimbie Mungu zaburi ya sifa mara roho yake itakapotoka, nao wakafanya hivyo.

Basi mama afanyeje? Kwanza, jioni kabla ya kulala, ataje mbele ya Mungu jambo jema moja la siku ile, hata likiwa dogo. Pili, aseme shida yake kwa kweli, kwa Mungu na kwa mtu awezaye kusaidia. Tatu, ampe kila mtoto sehemu ya wakati wake, kwani mtoto ni zawadi, na zawadi hushukuriwa kwa kutunzwa.

Na waume wasidhani kwamba somo hili ni la wake peke yao. Mume alaye chakula akaondoka bila neno jema kwa aliyekipika, humfundisha mwanawe kutoshukuru. Asiyeshukuru kwa kidogo, hata kwa kingi hatashukuru.