Hewa Inywayo Maji

Watu wa Chang'ombe, katika Wilaya ya Temeke mjini Dar es Salaam, wamezoea hewa yenye majimaji. Bahari haiko mbali, na pepo zitokazo huko huleta mvuke mwingi. Wakati wa masika, yaani toka Machi hata Mei, chumvi hulowa ndani ya kikopo, viatu vya ngozi huota kuvu, na kanga iliyofuliwa asubuhi huweza kuanuliwa jioni ingali mbichi. Mtu alimaye juani huona shati lake limelowa chapachapa, akadhani kwamba hapana nchi itoayo watu jasho kama pwani. Kumbe ziko nchi ambazo mtu hutoka jasho jingi zaidi, wala halioni. Nchi hizo ni majangwa.

Sababu yake ni hii. Hewa yote ina mvuke, nao hauonekani kwa macho. Hewa yenye joto huweza kuchukua mvuke mwingi kuliko hewa ya baridi. Tufikiri sanduku lenye urefu, upana na kimo cha mita 1. Hewa iliyomo, ikiwa na joto la digrii 20 za sentigredi, huweza kuchukua maji ya gramu 17 hivi. Ikipata joto la digrii 40, huweza kuchukua gramu 51 hivi, yaani mara tatu. Ikisha kujaa kabisa, husemwa kuwa na unyevu wa 100 katika 100, na nguo haikauki tena. Dar es Salaam, mara nyingi asubuhi unyevu hupita 80 katika 100. Jangwani wakati wa adhuhuri huweza kushuka chini ya 20, na pengine chini ya 10. Hewa ya namna hiyo ni kama mtu mwenye kiu: hunywa maji po pote iyapatapo.

Kukauka kwa maji huleta ubaridi. Mtungi wa udongo hupitisha maji kidogo kidogo hata nje. Maji hayo yakikauka, huondoa joto la mtungi, na yaliyomo ndani hupoa. Kwa hiyo mtungi hupoza maji vizuri katika nchi kavu kama Dodoma kuliko pwani. Mwili wa mwanadamu ameuumba Mungu kwa kanuni iyo hiyo. Joto lake lapasa kuwa digrii 37 hivi. Likitaka kuzidi, jasho hutoka, likakauka, na mwili ukapoa.

Lakini hapa ndipo penye hatari. Pwani jasho hutiririka, na mtu hujua kwamba anapotewa na maji. Jangwani hewa hulinywa mara litokapo, na ngozi hubaki kavu, ikiwa na vumbi jeupe la chumvi tu. Midomo hupasuka, na koo hukauka. Mtu aendaye kwa miguu katika jua kali huweza kupoteza lita 1 au zaidi kwa saa moja, huku akisema, "Mimi sitoki jasho." Asipoyarudisha maji hayo, kichwa humwuma, miguu hulegea, na akili huvurugika. Mwisho mwili haupati tena maji ya kutosha kujipoza. Joto lake hupita digrii 40, na mtu huweza kufa.

Watu wa pwani waliijua taabu hiyo zamani. Mwaka 1887 msafara mkubwa uliondoka Pangani kwenda kaskazini. Wakubwa wake walikuwa Samuel Teleki wa Hungaria, na Ludwig von Höhnel, ofisa wa manowari za Austria. Pamoja nao alikuwamo Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu, na wapagazi wengi wa Unguja na wa mrima. Walipokaribia ziwa walilokuwa wakilitafuta, walipita katika nchi ya mawe meusi yaliyotoka katika milima ya moto, nchi isiyo na maji. Mwezi wa Machi 1888 walifika ukingoni mwa ziwa hali wameshikwa na kiu kali. Walipoyaonja maji yake, waliyaona yana magadi.

Ziwa hilo waliliita Rudolf. Tangu mwaka 1975 huitwa Turkana. Magadi yake nayo ni kazi ya hewa kavu. Mto Omo huleta sehemu kubwa ya maji, lakini hakuna mto utokao ziwani. Hewa hunywa maji ya ziwa kwa kina cha zaidi ya mita 2 kila mwaka, na chumvi hubaki nyuma. Mvua hazitoshi kuyarudisha: Lodwar, mji wa nchi ile, hupata milimita 200 hivi kwa mwaka, hali Dar es Salaam hupata zaidi ya 1,000. Basi hewa ile ile iliyowanyang'anya wapagazi maji ya miili yao, ndiyo iliyokuwa imeyaharibu maji waliyoyatumaini.

Kwa hiyo wakaao jangwani hawatembei wakati wa adhuhuri wakiweza kuepuka. Wengi huvaa nguo pana zifunikazo mwili, ili jua na upepo wa moto visiipate ngozi. Tena msafiri mwenye busara hunywa maji mara kwa mara, wala hangoji kiu kali. Wahenga walisema kweli: Tahadhari kabla ya hatari.

MASWALI

1. Kwa nini kanga hukawia kukauka wakati wa masika?
2. Kwa nini mtungi hupoza maji vizuri Dodoma kuliko Chang'ombe?
3. Msafiri jangwani asema kwamba hahitaji maji kwa kuwa hatoki jasho. Mjibuni.
4. Lowesheni vitambaa viwili vilivyo sawa. Kimoja kitandazeni penye upepo, na kimoja kifungieni ndani ya chupa. Kesho yake elezeni mliyoyaona, na sababu yake.