Neno "Skwota": Asili Yake, Safari Yake na Hukumu Yake Kwetu



Katika darsa yetu ya Kiembeni liliulizwa suala ambalo hatukulipatia jawabu palepale, kwani kila tulipotaka kulijibu tuliona neno moja limetuziba njia. Muulizaji alisema: "Mashekhe zetu, mimi naitwa skwota. Je, sala yangu ndani ya nyumba niliyoijenga yasihi? Na mahali nikaapo, ni halali kwangu au ni haramu?" Mzee mmoja aliyekuwa ameegemea nguzo akamjibu kabla yetu: "Skwota ni mwivi wa ardhi, na hukumu ya mwivi yajulikana." Muulizaji akainamisha kichwa, asiseme neno.

Darsa ilipokwisha tulimwita kando tukamwuliza alivyoingia katika kiwanja kile. Kumbe babake alikaribishwa na mwenye shamba, akawa akimlipa kodi ya ardhi mwaka kwa mwaka, na yeye mwenyewe analipa hata leo, na risiti anazo. Basi huyu na mwivi wamekutana wapi, ila katika jina?

Wanavyuoni wetu wametufunza kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukijua kitu chenyewe. Asiyekijua kitu hawezi kukitolea hukumu. Kwa hivyo tumeona ni wajibu wetu kulichambua neno hili: limetoka wapi, limepita wapi, na limefikaje kwetu. Kisha tutalirudia suala la ndugu yetu, inshaallah.

ASILI YA NENO

"Skwota" ni neno la Kiingereza, squatter. Shina lake ni kitenzi ambacho Waingereza walikipokea kwa Wafaransa wa zamani, nao Wafaransa walikitoa katika Kilatini, katika neno lenye maana ya kusukuma, kubana pamoja na kulazimisha. Hapo mwanzo, katika karne ya 14, maana yake kwa Waingereza ilikuwa kuponda na kubamiza. Kisha likawa ni neno la mtu kujibana chini: kukunja magoti na kukaa juu ya visigino vyake. Sisi twasema kuchutama.

Katika hayo yote hamna ardhi, wala hati, wala wizi. Ni namna ya kukaa tu. Lakini tazameni, ndugu zetu, tofauti ya aliyeketi kitako na aliyechutama. Aliyeketi kitako ametulia, na mahali pake pajulikana. Aliyechutama yu kama mtu anayengoja kuambiwa ainuke. Picha hii ndiyo iliyobaki ndani ya neno hata lilipobadilika maana yake.

SAFARI YA NENO

Neno hili lilishikamana na ardhi huko Marekani. Mwaka 1788 James Madison, ambaye baadaye alikuwa rais wa nne wa nchi hiyo, alimwandikia barua George Washington, na ndani yake aliwataja kwa jina hili watu wa upande wa Maine waliokaa katika ardhi za wengine. Hapo lilikuwa neno la dharau. Lakini mwaka 1841 Bunge la nchi hiyo hiyo lilitunga sheria kwamba mtu aliyekaa katika ardhi ya serikali na kuiendeleza apewe haki ya kuinunua kabla ya wengine, hadi ekari 160, kwa dola moja na robo kila ekari. Aliyedharauliwa jana akawa mwananchi mwema leo. Wala tusisahau kwamba ardhi hizo zilikuwa na wenyewe, nao ni wenyeji wa asili wa Marekani, ambao hawakupewa haki ya kwanza wala ya mwisho.

Huko Australia likageuka zaidi. Kwanza waliitwa hivyo watu duni waliojibanza katika ardhi za taji bila ya ruhusa. Ilipofika miaka ya 1830, wenye makundi makubwa ya kondoo walivuka mipaka iliyowekwa na serikali, wakajitwalia malisho wapendavyo. Mwaka 1836 serikali ya New South Wales iliwatolea leseni kwa paundi 10 kwa mwaka, wakatajirika hata jina hili likawa ni la matajiri na wakubwa wa nchi. Lilikuwa ni neno lile lile na tendo lile lile, na kilichobadilika ni nguvu za mwenye kuitwa.

Kisha neno likafika Kenya, na hapa likapinduka kichwa chini miguu juu. Walowezi wa Kizungu walipopewa mashamba huko bara, walihitaji watu wa kuwafanyia kazi. Mwaka 1918 ilitungwa sheria kwamba Mwafrika hawezi kukaa katika shamba la mlowezi ila awe mfanyakazi wake, amtumikie si chini ya siku 180 katika mwaka, ndipo apate ruhusa ya kujenga kibanda na kulisha wanyama wake. Watu hao ndio walioitwa skwota. Na miongoni mwao walikuwako waliokaa katika ardhi iliyokuwa ya babu zao kabla ya hati yoyote kuandikwa. Huko Marekani jina lilikuwa la mgeni aliyeingia katika ardhi. Huku kwetu likawa mara nyingine la mwenyeji aliyeingiliwa.

NENO LAFIKA PWANI

Pwani yetu ina habari zake. Mwaka 1895 Waingereza waliafikiana na Sultani wa Zanzibar kuutawala ukanda wa maili kumi kwa malipo ya kila mwaka, na mali za watu zilikuwa zibaki kwa wenyewe. Lakini mwaka 1908 ilikuja Sheria ya Hati za Ardhi. Kila aliyedai kwamba ana ardhi alitakiwa apeleke dai lake kwa afisa wa serikali na alete ushahidi. Na ardhi isiyodaiwa na mtu ikahesabiwa kuwa ya taji la Uingereza.

Aliyejua karatasi na njia za ofisi alipata hati. Ama yule ambaye hati yake ilikuwa ni minazi na miembe aliyopanda babu yake, na ushahidi wake ni makaburi ya wazee wake, huyo wengi wao walibaki mikono mitupu. Miaka ikapita, ardhi zikauzwa na kurithiwa, wenye hati wengine wakaondoka wakaishi mbali. Watoto wa wale wasioandikisha wakaendelea kukaa palepale, na siku moja wakasikia wanaitwa maskwota.

Leo hapa Kisauni, kuanzia Kiembeni hata vitongoji vinavyotuzunguka, neno lina nyuso mbili. Uso wa kwanza ni tusi, kama alivyolitumia mzee wetu. Uso wa pili ni tikiti. Kwani Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 imewataja maskwota miongoni mwa watu wanaostahili kupewa makao na serikali, na kwa hivyo wako watu wenye nyumba zao kwingine wanaokimbilia kuandikwa katika orodha wapate viwanja wakaviuze. Mnyonge analikimbia jina hili kwa aibu, na mjanja analikimbilia kwa tamaa.

MAJINA YA SHERIA YETU

Sheria ya Kiislamu haina jina moja la kuwabeba watu hawa wote. Ina majina mengi, na kila jina lina hukumu yake.

Wa kwanza ni mwenye kuhuisha ardhi mfu. Mtume wetu, sala na salamu zimshukie, ametufundisha kwamba mwenye kuihuisha ardhi iliyokufa, basi ni yake. Ardhi mfu ni ile isiyo na mwenyewe wala haimo katika manufaa ya mji. Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo tuifuatayo wengi wetu pwani hii, hakushurutisha idhini ya mtawala; Imamu Abu Hanifa ameishurutisha. Basi ambaye wazee wake walifyeka pori lisilo na mwenyewe, wakalima na kupanda, huyo kwa sheria yetu alikuwa ni mwenye ardhi, na kukosa karatasi hakumgeuzi kuwa mwivi.

Wa pili ni mpangaji. Amekodi ardhi, akajenga nyumba juu yake kwa idhini, na kodi analipa. Huu ndio mtindo wetu wa Mombasa tangu zamani, wa nyumba kuwa na mwenyewe na ardhi kuwa na mwenyewe. Sheria ya Kiingereza ilizoea kwamba kilichojengwa juu ya ardhi humfuata mwenye ardhi. Sheria yetu yakubali kwamba nyumba ni mali ya aliyeijenga.

Wa tatu ni aliyeazimwa. Amepewa akae bila ya malipo, kwa udugu au ujirani. Mwenye ardhi aweza kuirudisha ardhi yake. Lakini ikiwa alimwazima ajenge, wala hakumshurutishia kuvunja, basi madhehebu yetu hayampi ruhusa ya kubomoa bure. Ama amwache akae kwa kodi, ama abomoe na alipe hasara ya kile kilichoharibika.

Wa nne ni aliyedanganywa. Amenunua kwa dalali kiwanja kisichokuwa cha dalali. Maadamu hajui, hana dhambi. Lakini akishajua, hana haki ya kukishikilia. Mali hurudi kwa mwenyewe, naye humwandama aliyemuuzia amrudishie fedha zake.

Wa tano ni mporaji, naye ndiye aingiaye katika mali ya mtu hali ya kuwa anajua, bila ya idhini. Huyu ameonywa onyo kali, kwani Mtume ametupasha kwamba mwenye kudhulumu shibiri moja ya ardhi atavikwa shingoni Siku ya Kiyama kutoka ardhi saba. Na mtu alipopanda mitende katika ardhi ya mwenziwe, Mtume alihukumu ardhi irudi kwa mwenyewe na mitende ing'olewe. Mporaji hubomoa kwa gharama yake, na hulipa kodi ya muda wote aliokaa.

Angalieni basi: mmoja hana la kulipa kwani ni chake, mmoja hulipwa fidia, na mmoja hulipishwa. Neno "skwota" limewatia wote katika gunia moja, kisha likafungwa mdomo.

Wala wenye hati wasidhani kwamba karatasi yamaliza maneno yote. Mtume alimpa Bilal bin Harith al-Muzani bonde la Aqiq. Zamani za Sayyidna Umar ilionekana hakuweza kulilima lote, na Umar akamwachia alichoweza akawagawia Waislamu kilichobaki. Na wanavyuoni wamesema kwamba aliyezungusha ua katika ardhi mfu kisha asiihuishe kwa miaka mitatu, haki yake huondoka. Hatusemi kwamba ardhi iliyomilikiwa sawasawa huporwa kwa kuwa mwenyewe yuko mbali, la, hasha. Twasema kwamba ua peke yake haukuwa kamwe ni kuhuisha.

Tena sheria ya nchi yasema kwamba aliyekaa katika ardhi ya mtu miaka 12 waziwazi bila ya idhini, na mwenyewe asidai, aweza kuiomba mahakama impe. Tumeulizwa hili mara nyingi. Jawabu letu ni kwamba haki haifi kwa uzee. Mtume mwenyewe ameonya kwamba yeye huhukumu kwa ayasikiayo, na atakayehukumiwa haki ya nduguye asiichukue, kwani ni kipande cha moto. Hukumu ya korti yakata ugomvi wa duniani, wala haisafishi alichokijua mtu moyoni.

JAWABU NA NASAHA

Ama ndugu yetu aliyeuliza, yeye ni mpangaji. Sala yake yasihi bila ya shaka, na makao yake ni halali maadamu anatimiza ahadi yake. Lau angekuwa mporaji, basi kwa madhehebu yetu sala ingemwondokea faradhi, lakini angekuwa na dhambi ya kukaa pale. Na Mahanbali katika kauli yao mashuhuri wamesema haisihi kabisa.

Kisha twawanasihi watu wanne. Mwenye hati: kabla hujaleta tingatinga, uliza kila nyumba imeingiaje, na umpe kila mtu haki ya jina lake la kisheria. Mpangaji: andikisheni mapatano, na risiti zihifadhiwe kama zihifadhiwavyo vyeti vya ndoa. Mnunuzi: usimpe dalali hata shilingi moja kabla ya kwenda ofisi ya ardhi kutazama jina lililo katika daftari. Na mwenye makao kwingine aliyejiandikisha orodhani: jiondoe, kwani unamla mnyonge kwa jina lake.

Na sote, tuuchunge ulimi. Mwenyezi Mungu ametukataza katika Suratul-Hujurat kuitana kwa majina mabaya, na jina hili tumeliokota njiani hali hatujui lilikotoka. Mzee wetu tulipomweleza haya alikwenda mwenyewe kwa yule ndugu akamtaka radhi, wakapeana mikono mlangoni mwa msikiti. Tangu siku hiyo, akiulizwa habari za jirani yake, husema: "Ni mpangaji."

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiki.