Viambishi -ki- na -me- katika Hadithi ya Upelelezi

Madhumuni: Mwishoni mwa somo hili mwanachuo aweze kupambanua tendo linaloendelea na tendo lililokwisha timia baada ya vitenzi kama kuona na kukuta, na aweze kuwafundisha wanafunzi tofauti hiyo kwa njia ya hadithi.

1. Utangulizi

Iko namna ya hadithi ya upelelezi iliyo tulivu: haina damu nyingi, mpelelezi wake ni mtu wa kawaida, na mahali pake ni padogo, kama vile kijiji au duka la mikate. Agatha Christie wa Uingereza aliistawisha kwa Miss Marple, bibi mzee wa kijijini, ambaye riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1930. Waandishi wa baadaye wakaingiza mzuka ndani yake, mara nyingi mzuka mpole. Katika Kiswahili, Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alikutanisha mizimu na upelelezi katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), ambamo Bwana Msa hutegemea hoja. Utamu wa hadithi hizi ni kwamba ushahidi huwekwa wazi mbele ya msomaji, nao hufichwa ndani ya maneno ya kila siku.

2. Kifungu

Mjane mmoja alikuwa na duka la mikate. Watu walisema kwamba mzuka wa marehemu mumewe haujaliacha tanuri, kwani mara kwa mara mjane aliingia alfajiri akaukuta unga umekandwa. Asubuhi moja, daftari la marehemu lenye vipimo vyote vya mikate lilikuwa limetoweka.

Mchukuzi wa unga akasema, "Mama, mzuka umelichukua. Mimi nimefika alfajiri hii tu. Jana sikuja kabisa. Tena nilikuona ukiufunga mlango kwa kufuli mbili. Mwizi angepita wapi?"

Mjane aliendelea kupanga mikate kwenye sinia. Kisha akauliza polepole, "Mwanangu, mlango niliufunga jana usiku, saa tatu. Wewe ulikuwa wapi hata ukaniona?"

Mchukuzi akainama. Akakiri kwamba alingoja nje gizani, kisha akapitia dirisha la nyuma. Daftari likapatikana ndani ya gunia tupu. Jioni ile mjane alilirudisha mahali pake. Alipogeuka, alilikuta tanuri limewashwa.

3. Maelezo

Mwizi amefichuliwa na silabi moja. Linganisha:

(a) Nilikuona ukiufunga mlango.
(b) Niliuona mlango umefungwa.

Katika (a), kiambishi -ki- chaonyesha kwamba tendo lilikuwa likiendelea wakati wa kuonwa. Msemaji aliuona mkono ukiwa juu ya kufuli, kwa hiyo alikuwapo saa tatu ya usiku. Hii si -ki- ya sharti. Katika (b), kiambishi -me- chaonyesha matokeo ya tendo, na matokeo huweza kuonwa hata baada ya saa nyingi. Lau mchukuzi angalisema (b), uongo wake ungalisimama.

Angalia pia maneno "akaukuta unga umekandwa". Mjane aliona kazi iliyokwisha, hakumwona mfanyakazi. Kama angeukuta unga "ukikandwa", angeushuhudia mzuka kazini, na hadithi ingegeuka kuwa ya kutisha. Upole wa mzuka huyu umo katika -me-.

4. Kosa la kujihadhari nalo

Baadhi ya lugha za Kibantu, kama Kiganda na Kinyarwanda, hutofautisha yaliyopita leo na yaliyopita kabla ya leo. Mwanafunzi mwenye lugha hizo aweza kudhani kwamba -me- ni ya leo na -li- ni ya zamani, akaandika: *Niliukuta unga ulikandwa. Katika Kiswahili, umbali wa siku hauamui jambo hili. Unga wa mjane ulikandwa siku nyingi zilizopita, na bado twasema "umekandwa", kwa sababu hali yake ilikuwa imetimia alipoukuta.

Usitosheke na kalamu nyekundu. Muulize mwanafunzi: "Uliuona mkono, au uliiona kufuli?" Mtoto asemaye "nilimwona akiichukua kalamu yangu" amemshitaki mwenzake kwa wizi. Asemaye "nilimwona ameishika kalamu yangu" hajamshitaki, maana huenda mwenzake aliiokota. Mwalimu asiyeisikia tofauti hiyo aweza kumwadhibu asiye na kosa.

5. Zoezi

(i) Eleza jinsi kila sentensi inavyobadilisha ushahidi: Nilimkuta akiila mikate. Nilimkuta ameila mikate.
(ii) Andika upya maneno ya mchukuzi ili mjane asiweze kuutambua uongo wake.
(iii) Badilisha sentensi ya mwisho ya kifungu kwa kutumia -ki-. Je, msomaji angetarajia kumwona nani?
(iv) Tunga kifungu cha maneno mia moja, chenye duka, kitu kilichopotea na shahidi mmoja, ambamo ukweli utajulikana kwa kiambishi kimoja tu. Kisomwe darasani, wenzako wamtafute mwizi.