Bunduki ya Kuwindia Iliyokwisha Kutumika: Namna ya Kuikagua na Kuikadiria Bei



Wananchi waishio kandokando ya mpaka, tangu Mutukula hadi vijiji vya bonde la mto Kagera, hutuuliza mara kwa mara kama bei waliyotajiwa ya bunduki ya kuwindia ni bei ya haki. Hatuwezi kulijibu swali hilo kwa kutaja kiasi cha fedha peke yake, kwa kuwa bunduki haina bei yoyote kabla haijajulikana ni ya nani. Kwa hiyo somo letu laanzia kwenye nambari na hati, kisha laingia katika mtutu na bolti, na hesabu ya fedha tumeiweka mwisho.

Kabla ya yote, muuzaji na aielekeze bunduki mahali pasipo na mtu, aitoe hazina ya risasi, aifungue bolti, nawe uitazame chemba kwa macho na kuipapasa kwa kidole. Muuzaji akikereka kwa ombi hilo, biashara na iishie hapo.

Nambari ya bunduki huchongwa na kiwanda juu ya mwili wa chuma, na mara nyingi hurudiwa kwenye mtutu na kwenye bolti. Zisome zote kwenye mwanga mkali. Mahali paliposuguliwa kwa tupa huwa na bonde dogo, au hung'aa tofauti na chuma kilichopazunguka. Tarakimu zilizogongwa upya hupanda na kushuka kama meno mabovu. Anayezisugua hudhani amemaliza kazi. Lakini kiwanda kinapogonga nambari, chuma kilicho chini yake hubanwa, na maabara ya polisi huweza kuirudisha tarakimu iliyofutwa kwa kupaka tindikali. Nambari hiyo huweza kulinganishwa na kumbukumbu za iARMS, mfumo wa Interpol ambamo nchi huandikisha silaha zilizopotea, zilizoibwa au zilizosafirishwa kinyume cha sheria. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo nchi zetu zimo, nayo inataka silaha ziwekewe alama ili asili yake ifuatiliwe.

Bunduki iliyofutwa nambari thamani yake ni sifuri, hata mtutu wake ukiwa mpya kama ulitoka kiwandani jana. Usibishane na muuzaji, wala usiishike zaidi. Ondoka kwa upole, kisha utuarifu. Bolti yenye nambari isiyolingana na mwili ni jambo jingine: huenda fundi aliibadilisha kwa nia njema, ila sasa inahitaji kupimwa, na tutaeleza kwa nini.

Bunduki nyingi za zamani zinazouzwa huku hutoka katika mirathi. Mzee amefariki, watoto wana ada za shule, na jirani wa ng'ambo ya mpaka anajitokeza usiku na fedha taslimu. Tunaielewa haja hiyo. Hata hivyo leseni hupewa mtu kwa jina lake, wala hairithiwi pamoja na mashamba na ng'ombe. Familia ipeleke taarifa kituoni ili bunduki ihifadhiwe wakati mirathi ikishughulikiwa, na mnunuzi atafutwe kwa njia iliyo wazi. Bunduki yenye hati huuzwa ghali kuliko ile ya gizani, na hilo ni faida ya wajane na yatima.

Uganda ina Sheria ya Silaha ya mwaka 1970, Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na Kenya ina Sura ya 114 ya sheria zake. Zote zamtaka mnunuzi awe na kibali kabla ya kuichukua silaha. Leseni ya upande mmoja wa mpaka haimpi mtu ruhusa upande wa pili. Kuivusha bunduki kwahitaji vibali vya kuitoa na vya kuiingiza. Jiulize pia utawinda wapi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Kwa upande wa Kagera, mapori ya Burigi, Biharamulo na Kimisi yaligeuzwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019, na ndani ya hifadhi ya taifa hakuna kuwinda.

Sasa mtutu, ambao ndio roho ya bunduki. Bolti ikiwa imetolewa, tazama kutokea nyuma kuelekea kwenye mwanga. Mifereji iliyozunguka ndani yapasa kuwa na kingo kali na kung'aa sawasawa. Vidoto vyeusi ni mashimo ya kutu. Huku ziwani unyevu ni mwingi, na risasi za kijeshi za zamani zilikuwa na fataki zinazoacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi ikivuta maji, kutu haichelewi. Mashimo machache yasiyo na kina hayaiharibu bunduki ya kuwindia, bali huipunguza bei. Kivuli cha duara kama pete ni habari mbaya zaidi: mtutu ulivimba kwa kupigwa ukiwa umezibwa na tope, maji au risasi iliyokwama. Mtutu wa namna hiyo usinunuliwe, wala usijaribiwe.

Tazama na mdomo wake. Wamiliki wengi husafisha kwa ufito wa chuma wakitokea mbele, na ufito hula ukingo kidogo kidogo kwa miaka. Bunduki iliyoliwa mdomo hukosa shabaha hata ndani kukiwa safi. Na rangi nyeusi iliyopakwa upya isikushawishi. Mara nyingi hupakwa ili kuficha kutu.

Bolti huifunga chemba wakati baruti inapolipuka mbele ya uso wako. Fundi wa bunduki ana vipimo viwili vya chuma: bolti yapasa kufunga juu ya cha kwanza na kukataa kufunga juu ya cha pili. Ikifunga juu ya vyote viwili, nafasi imezidi, ganda laweza kupasuka, na gesi ya moto ikamrudia mpigaji machoni. Omba kuonyeshwa maganda yaliyokwisha kupigwa na bunduki hiyo. Ganda lenye mstari unaong'aa karibu na kitako chake liko karibu kukatika. Kipimo hiki usikifanye kwa kukisia. Ujira wa fundi ni mdogo kuliko gharama ya jicho.

Kwenye kitako cha mti, nyufa hutokea pale mkono unapokamata na nyuma ya chuma, hasa kwa bunduki zenye mrusho mkubwa kama .375 na .458. Parafujo zilizochunika zaonyesha kwamba limepita mikononi mwa fundi asiyejua. Kisha, bunduki ikiwa tupu, weka kufuli la usalama, vuta kifyatulio, kiachie, halafu ondoa kufuli: pini ya kufyatulia ikijiangusha yenyewe, bunduki hiyo ni hatari nyumbani na porini.

Risasi nazo zina neno katika bei. Aina ya .30-06 ya mwaka 1906 na .375 ya mwaka 1912 bado zatengenezwa na viwanda vingi. Aina adimu huweza kukuacha na bunduki nzuri isiyo na chakula, na muuzaji ajua hivyo.

Tuje kwenye hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano tu. Tuseme bunduki mpya ya aina hiyo ni shilingi milioni 8 kwa mfanyabiashara mwenye leseni. Iliyotumika, ikiwa nzima, sisi tungeanzia karibu milioni 5. Kitako kina ufa, fundi ataka laki 4. Mtutu umechakaa, mwingine pamoja na kazi ni milioni 2 na nusu. Yabaki milioni 2 na laki 1. Darubini ihesabiwe peke yake, na kama haishiki shabaha ihesabiwe bure. Muuzaji aliyetaka milioni 4 na nusu ataeleza sababu zake, nawe umwonyeshe karatasi ya fundi. Bei ikiwa chini mno kwa bunduki isiyo na kasoro, irudie nambari uisome tena.

Usitoe fedha zote mapema. Bunduki ibaki kwa mwenye leseni, au kwa mfanyabiashara anayetambulika, hadi kibali cha mnunuzi kitoke. Kisha malipo yafanywe kwa hati inayotaja aina ya risasi, nambari ya mwili, ya mtutu na ya bolti, kila tarakimu kama ilivyochongwa.